Mama kapitwa na siku za rufaa kesi ya shamba, tunaombaje kuongezewa muda?

BintiWaMpunga (10 Julai 2023)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, naombeni mvumilie hadi mwisho maana nimechanganyikiwa.

Mama yangu ni mjane, ana miaka 67, yuko mkoa wa Morogoro. Wilaya siitaji, mji wenyewe mdogo na wahusika wanaingia humu. Ana shamba la mpunga, ekari 4, ambalo yeye na marehemu baba walilifyeka pori wenyewe kabla mimi sijaanza shule. Mwaka 2021 kajitokeza mtu na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa kijiji, anadai baba alimuuzia. Baba yangu alikuwa hajui kusoma wala kuandika, alikuwa anaweka dole gumba hata kwenye daftari la ushirika. Ile karatasi ina sahihi yake kwa mwandiko wa kulaza, mzuri kuliko wangu.

Yule bwana akafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tarehe 14 Machi mwaka huu hukumu ikasomwa, mama kashindwa. Hatukuwa na wakili. Mwenyekiti alisoma kipande cha mwisho tu, akasema asiyeridhika ana siku 45 kwenda Mahakama Kuu. Tarehe 17 Machi nikapeleka barua ya kuomba nakala ya hukumu na tuzo (ile amri inayotokana na hukumu), nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Kila nikipiga simu naambiwa bado inachapwa. Zikatoka tarehe 3 Mei. Siku naenda kuchukua, mhudumu wa dirishani akageukia kalenda ya ukutani, akahesabu kwa kidole, akaniambia, "Dada, siku zenu ziliisha Ijumaa ya tarehe 28. Hapa hakuna rufaa tena."

Nikamweleza mama. Akasema basi, tumwachie Mungu. Tukakaa hivyo.

Tarehe 2 Juni mama akaanguka jikoni. Kiharusi, upande wa kulia. Akalazwa hospitali ya rufaa mpaka 23 Juni. Sasa yuko kwangu. Akili iko vizuri, anaongea ila maneno yanatoka kwa kuvutana, na mkono wa kulia bado haujarudi. Wiki iliyopita jirani akapiga simu kwamba yule bwana kafungua maombi ya kukazia hukumu, yaani itekelezwe, na anajigamba dalali wa kututoa shambani yuko njiani. Mpunga wenyewe uko nusu shambani nusu kwenye turubai.

Nimesikia mtu anaweza kuomba kuongezewa muda wa kukata rufaa. Je, ni kweli? Ugonjwa wa mama ni sababu tosha? Kiapo anaapa nani, mimi au yeye? Na tukishapeleka maombi, dalali anasimama?

Nawasilisha.

Mjukuu_wa_Chifu

Pole sana dada. Lakini kwa hapo imekula kwenu. Siku 45 zimekwenda miezi miwili iliyopita, halafu wenyewe mnakiri mlikaa kimya. Tafuteni wazee wa kijiji mkae na huyo bwana, awaachie hata ekari moja.

FundiSimu_Area D

Mkuu usimkatishe tamaa. Mimi nilikuwa na kesi ya deni mahakama ya wilaya, siku zangu za rufaa zilikuwa 90, nikachelewa, nikaomba Mahakama Kuu kwa kifungu cha 14 cha Sheria ya Ukomo, nikapewa. Dada, wewe andika kwamba mama ni mjane, mgonjwa, hana hela ya wakili. Jaji naye ni binadamu.

Mzee wa Masijala

Nimesoma uzi wote. Mimi nilikaa masijala, sikukaa kwenye kiti cha hakimu, kwa hiyo pokeeni haya kama maneno ya mtu aliyezipokea karatasi hizi kwa miaka mingi na kuziona zipi zinapita na zipi zinarudi.

Binti, chukua kalamu tuhesabu upya, maana yule wa dirishani kahesabu kama mtu anayetaka kufunga dirisha.

Kweli, kutoka baraza la wilaya kwenda Mahakama Kuu, shauri likiwa limeanzia hapo hapo baraza la wilaya, ni siku 45. Ipo kwenye Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216. (Yale yaliyokuwa yanaanzia baraza la kata ilikuwa siku 60, lakini tangu marekebisho ya 2021 kata inasuluhisha tu, haiamui.) Siku ya hukumu haihesabiwi. Kwa hiyo 14 Machi iweke kando, siku ya kwanza ni 15 Machi, na ya 45 kweli inaangukia 28 Aprili. Hapo hajakudanganya.

Alipoishia ndipo penye mambo. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, kinasema ule muda uliohitajika kupata nakala ya hukumu au tuzo unayotaka kuikatia rufaa unatolewa kwenye hesabu. Unatolewa, hauombwi. Wewe uliandika barua 17 Machi, nakala ukapata 3 Mei. Muda wote huo si wako, ulikuwa mikononi mwa baraza. Zilizotumika kabla ya barua ni mbili, tarehe 15 na 16. Zimebaki 43, nazo zinaanza kutembea 4 Mei. Hesabu mwenyewe: Mei zinaingia 28, Juni 15. Siku yenu ya mwisho ilikuwa 15 Juni.

Sasa rudi kwa Mjukuu wa Chifu anayesema mlikaa kimya. Mlikaa kimya ndani ya muda wenu. Mwezi mzima wa Mei ambao mlidhani mmeshakufa mlikuwa hai, na mtu aliye ndani ya muda haulizwi kwa nini hajaondoka mapema. Mnaloulizwa ni kuanzia 16 Juni. Na tarehe 16 Juni mama yuko wapi? Kitandani hospitali.

Msishangilie bado. Leo 10 Julai mmeshapita, kwa hiyo rufaa yenyewe msiipeleke. Hilo nimeliona likiua watu wengi kuliko kuchelewa kwenyewe. Mtu anaona siku chache si kitu, anapeleka rufaa moja kwa moja, anakutana na kifungu cha 3 cha Sheria hiyo ya Ukomo, inatupwa. Ikishatupwa kwa kifungu hicho, kurudi pale pale kuomba muda ni kazi ngumu mno. Anzeni na maombi ya kuongezewa muda. Mkipewa, jaji atasema ndani ya siku ngapi mlete rufaa.

Maombi ni hati ya maombi na kiapo, na roho iko kwenye kiapo. Nimepokea viapo vya kurasa kumi na mbili vinavyolia kuhusu shamba toka enzi za Mwalimu. Jaji wa maombi haya hasikilizi shamba. Anasikiliza siku. Huyo bwana wa mwandiko wa kulaza mwacheni nyumbani kwanza, ana siku yake.

Fanya hivi leo usiku. Daftari la mistari, chora safu tatu: tarehe, kilichotokea, karatasi inayothibitisha. 14 Machi, hukumu, nakala ya hukumu. 17 Machi, barua, ile yenye muhuri wa kupokelewa. 3 Mei, nakala zimetoka, risiti ya malipo ya nakala na tarehe iliyogongwa wakati wa kuthibitishwa. Geuza karatasi ya mwisho uangalie nyuma pia, wengine hugonga huko. 2 Juni, kulazwa, karatasi ya hospitali. 23 Juni, kuruhusiwa, karatasi ya ruhusa. Halafu ndipo pagumu: 24 Juni mpaka siku utakayosajili. Hapo mama karuhusiwa, kwa karatasi ni mtu aliyetoka. Mlifanya nini kila siku? Kama alirudi kliniki, kadi ya kliniki. Kama kuna mazoezi ya viungo, kadi ya mazoezi. Kama mlikwenda kwa msaidizi wa kisheria, akupe barua yenye tarehe. Safu ya tatu ikibaki tupu mahali, hapo ndipo wakili wa upande wa pili ataingiza kidole.

FundiSimu, ujane na kukosa hela vinaumiza lakini havihesabiki kama sababu. Nimeona maombi ya namna hiyo yakianguka hata yakiandikwa kwa machozi. Hayo ya dirishani nayo, binti, usiyafanye nguzo. Kutojua sheria si sababu, na ukisema fulani aliniambia, unatakiwa kiapo cha huyo fulani. Unadhani ataapa kujichongea? Na kwanza huna haja naye, siku hizo ni zenu tayari.

BintiWaMpunga

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili, ya pili nikasoma kwa sauti mama asikie. Amecheka kidogo pale kwenye kufunga dirisha, ni mara ya kwanza tangu atoke hospitali.

Barua yenye muhuri ninayo. Risiti ya nakala ninayo. Hospitali nina karatasi ya ruhusa imeandikwa tarehe zote mbili, na kadi ya mazoezi ya viungo: 27 Juni, 30 Juni, 4 Julai na 7 Julai. Kwa msaidizi wa kisheria wa kata nilikwenda 5 Julai baada ya ile simu ya jirani, akasema nitafute wakili. Hakunipa barua, kesho naifuata.

Kiapo sasa. Mama hawezi kushika kalamu.

WakiliNjiaPanda

Dada, pole. Mzee wa Masijala amekuwekea msingi mzuri, nitaongeza machache na moja nitambishia.

Kwanza kifungu. FundiSimu aliomba kwa kifungu cha 14 cha Sheria ya Ukomo kwa sababu lake lilikuwa deni, na lilitoka mahakama ya wilaya. La kwenu ni ardhi na limetoka baraza, maombi yanakwenda kwa kifungu cha 41(2) cha Sura ya 216, toleo la 2019. Hicho hicho kinachoweka siku 45 ndicho kinachompa Jaji mamlaka ya kuziongeza kukiwa na sababu ya msingi. Ukikosea hapo unampa mwenzako pingamizi la awali la bure.

Kuhusu nakala, Mahakama ya Rufani ilishalisema kwenye Rufaa ya Madai Na. 16 ya 2017: muda wa kusubiri nakala unaondolewa wenyewe, hauhitaji amri ya mahakama, mradi tarehe zinaonekana kwenye kumbukumbu. Ile barua yako ya 17 Machi usiikunje tena. Isingekuwepo, sisi wote humu tungekuwa tunakupa pole tu.

Kipimo kinachotumika ni cha Lyamuya Construction dhidi ya Bodi ya Wadhamini ya YWCA, Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010. Ueleze ucheleweshaji wote, usiwe wa kupindukia, uonyeshe ulikuwa unajishughulisha na si mzembe, na kama kuna sababu nyingine nzito kama ukiukwaji wa sheria kwenye uamuzi unaolalamikiwa, useme. Na kuna ule msimamo wa Maombi ya Madai Na. 3 ya 2007, kwamba hata siku moja ya kuchelewa inatakiwa itolewe maelezo. Mawakili wa upande wa pili wanaupenda kuliko chai. Kwa hiyo 24, 25 na 26 Juni, kabla ya mazoezi ya kwanza, usiziruke. Andika mama alikuwa katika hali gani, nani alikuwa anamgeuza, nani anamlisha. Na siku za kutoka leo mpaka kusajili nazo zinahesabiwa, kwa hiyo usisubiri mwisho wa mwezi.

Ugonjwa: Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye Maombi ya Madai Na. 1 ya 2012 kwamba maumivu anayajua mgonjwa mwenyewe, mwingine hawezi kumsemea kwamba alikuwa na nguvu za kufuatilia kesi. Inasaidia. Lakini iende na karatasi za hospitali zenye tarehe, si cheti kilichoandikwa jana kwa hisani.

Nani aape? Mama. Yeye ndiye mleta maombi, akili iko sawa, ataapa. Kwa vile mkono wa kulia haufanyi kazi ataweka dole gumba la kushoto, na kamishna wa viapo aandike kwamba alisomewa kwa Kiswahili akaelewa kabla ya kuweka. Mwangalie kamishna ajaze mahali, tarehe, na kama anamfahamu mama au ametambulishwa kwake na nani. Kipande hicho cha chini watu hukiacha wazi, na kiapo kizima kinaanguka. Wewe uape kiapo chako cha pili, kifupi, kwa yale uliyoyafanya kwa miguu yako: barua, simu, kuchukua nakala, msaidizi wa kisheria. Mama asiape kwamba "binti yangu alikwenda", hakukuona ukienda.

Na sasa ubishi na mzee. Anasema shamba liachwe nyumbani. Nakubali, isipokuwa jambo moja. Tangu kesi ya Valambhia ya 1992, ukiukwaji wa sheria kwenye uamuzi wenyewe unaweza kuwa sababu ya kuongezewa muda, bila kujali sana umeelezaje siku. Sharti lake, kosa lionekane usoni pa kumbukumbu, si la kuchimbwa kwa hoja ndefu. Sahihi ya kughushi haimo, hiyo ni ushahidi na itabishaniwa. Ila nauliza: wazee wa baraza walikuwepo? Maoni yao yalisomwa lini, na nyie mlikuwepo?

BintiWaMpunga

Walikuwepo wazee wawili, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja mwenye kofia. Sikumbuki wakisoma kitu. Nimetoa mwenendo, yale maandishi ya kila kilichofanyika barazani, kwenye bahasha (nilipewa pamoja na hukumu, sikuwahi kuufungua kwa hasira). Ukurasa wa mwisho kabla ya hukumu umeandikwa kwamba utetezi umefungwa, chini yake "Hukumu 14/3/2023", basi, halafu sahihi. Lakini ndani ya hukumu mwenyekiti ameandika "nimezingatia maoni ya wazee wa baraza na nakubaliana nao."

WakiliNjiaPanda

Basi hapo una kitu, na kinaonekana bila miwani.

Sheria inamtaka mwenyekiti akae na wazee wa baraza wasiopungua wawili, na kanuni za 2003, kanuni ya 19(2), zinataka kila mzee atoe maoni yake kwa maandishi kabla ya hukumu kuandikwa. Mahakama ya Rufani, Rufaa ya Madai Na. 287 ya 2017 iliyohusu Halmashauri ya Jiji la Mbeya, ikaenda mbele: maoni hayo yasomwe mbele ya wadaawa, yaani pande zote mbili za kesi, wayasikie. Kusema tu ndani ya hukumu kwamba umeyazingatia hakutoshi kama mwenendo hauonyeshi siku yaliyosomwa. Mienendo mingi imefutwa kwa kosa hilo.

Weka aya moja kwenye kiapo, moja tu, ukitaja ukurasa wa mwenendo, na uambatishe ukurasa huo. Usihubiri. Kiapo ni cha mambo yaliyotokea. Hoja za sheria zinasubiri siku ya kusikilizwa.

Na mjue mnachokiomba. Mkishinda rufaa kwa hoja hiyo, uwezekano mkubwa ni shauri kurudi barazani, si shamba kurudi kwa mama siku hiyo. Mweleze mapema.

Mjukuu_wa_Chifu

Nimekaa pale. Ila swali la dalali hamjalijibu mabingwa.

Mzee wa Masijala

La dalali nilikuwa nalijia, umri nao. Maombi ya muda hayamsimamishi dalali. Hata rufaa yenyewe ikishasajiliwa haimsimamishi. Lazima kuwe na amri. Kwa hiyo pamoja na maombi ya muda, wapeleke hati ya dharura na kuomba hali ya shambani ibaki ilivyo mpaka maombi yasikilizwe. Waambatishe wito wowote wa ukaziaji hukumu waliopewa. Simu ya jirani haiambatishwi. Binti, nenda barazani ukaombe kuona jalada la ukaziaji, mama ni mdaawa, ana haki. Andika namba ya maombi na tarehe ya kutajwa. Siku ya kutajwa mhudhurie, msisuse. Wakisusa watu ndipo amri inatoka upande mmoja.

Wakili, kwa hilo la wazee wa baraza, sawa. Ila mimi ningeliweka la mwisho, baada ya siku. Majaji wengine wakiliona juu wanadhani mmekosa maelezo ya kuchelewa mkakimbilia huko.

WakiliNjiaPanda

Hapo tunakubaliana. Siku kwanza.

Dada, kwa Morogoro mnasajili Mahakama Kuu, Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki. Nyaraka zinaingizwa kwenye mfumo kwa mtandao, unapewa namba ya malipo. Lipia siku hiyo hiyo. Kuna watu wanapandisha karatasi Ijumaa, wanalipa Jumatano, halafu wanabishana na masijala ni tarehe ipi ya kusajili. Na kwa vile sheria za 2021 zimefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, msikubali kutozwa hela na mtu kwa kuwageuzia kiapo kwa Kiingereza. Mama aape kwa lugha anayoijua, hata akihojiwa juu yake hatatetereka. Kama wakili anawashinda, ulizieni watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, mkoani wapo.

FundiSimu_Area D

Wakili unanifundisha na mimi ambaye nilishashinda. 😂 Kumbe nilipewa kwa sababu nilikuwa na tiketi za basi na barua, nikadhani ni huruma.

BintiWaMpunga (21 Julai 2023)

Wakuu, mrejesho.

Yamesajiliwa 14 Julai. Nimelipa nikiwa bado nimesimama pale pale, mzee. Barua ya msaidizi wa kisheria nimeipata, aliiandika kwa tarehe ya siku aliyoniandikia na akasema ndani kwamba nilikwenda 5 Julai na kitabu chake cha wageni kina jina langu, nikapiga picha ule ukurasa. Barazani nikaonyeshwa jalada la ukaziaji, kulikuwa na wito ambao haukuwahi kutufikia, nimepata nakala.

Kamishna wa viapo alitaka kugonga muhuri haraka haraka. Nikamwomba asome. Akasoma aya zote, mama akawa anaitikia, kwenye aya ya 9 akamkatisha: tuliandika alianguka asubuhi, akasema hapana, ilikuwa baada ya adhuhuri, alikuwa ameshaswali. Ikabidi turudi stationari kubadili ukurasa. Ndipo akaweka dole gumba la kushoto, na kamishna akajaza vile vipande vya chini kimoja kimoja huku ananiangalia kwa jicho la "wewe nani kakufundisha".

Jana tumeitwa mbele ya Jaji. Amesema hali ya shamba ibaki ilivyo mpaka maombi yasikilizwe, mjibu maombi apewe siku 14 za kuleta kiapo kinzani. Yule bwana alikuja na wakili. Wakili wake akasema maombi yetu hayana miguu. Mpunga uliobaki tumeruhusiwa kuvuna, nimeuliza mara mbili.

Kiapo kinzani kikija nifanye nini?

Mzee wa Masijala

Kisome ukiwa na daftari lako la safu tatu. Pitia aya kwa aya uone kipi wamekikataa na kipi wamekinyamazia. Wakikataa ugonjwa kwa maneno matupu, bila karatasi, mwachie Jaji. Wakija na jambo jipya, mathalani mtu aliyemwona mama sokoni 20 Juni, mnaweza kuomba kujibu kwa kiapo kingine. Na siku ya kusikilizwa beba karatasi halisi zote, usiende na picha za simu.

Msalimie mama. Mwambie aya ya 9 alifanya la maana sana, wangemkamata hapo.

WakiliNjiaPanda

Hongera kwa amri hiyo. Omba nakala yake leo, mpeleke moja kwa mtendaji wa kijiji asaini kupokea. Dalali akitokea atasema hana taarifa.

Kibonge_wa_Mahenge

Samahani wakuu kuingilia uzi. Mimi yangu ni mirathi, mahakama ya mwanzo, hukumu ilitoka Aprili. Ni siku ngapi hizo?

Mzee wa Masijala

Mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30, na muda ukipita unaomba hapo hapo mahakama ya wilaya, si Mahakama Kuu. Fungua uzi wako, mjukuu, weka tarehe zote. Zote, na ile uliyoomba nakala.